Lenzi Mpya au Siku Tatu Kilwa?

Pesa ya ziada ikiingia, mpenda picha hukimbilia dukani. Sisi tuliigawa mafungu matatu, tukapanda basi la kusini.

Kuna pesa za aina tatu, mpenzi msomaji. Ya kwanza ni ya mshahara, ambayo ikifika tu tayari ina wenyewe: mwenye nyumba, LUKU, ada, nauli, mchango wa harusi ya binti wa shangazi. Ya pili ni ya akiba, ambayo hutakiwi kuigusa hata kwa macho. Ya tatu ndiyo yenye kasheshe: pesa ya ziada. Zamu yako ya upatu imefika, bosi katoa bonasi, au kile kibarua cha wikiendi kimelipa. Pesa hiyo haina mwenyewe. Na pesa isiyo na mwenyewe ndani ya nyumba ya watu wawili ni kama kuku aliyepotea njia: kila mtu anamuona yuko kwenye chungu chake.

Sasa kama mmoja wenu anapenda kupiga picha, hapo ndipo patamu. Hobi hii ina ugonjwa wake. Mgonjwa husema, "Nikipata ile lenzi tu, basi." Hakuna cha basi. Baada ya lenzi kuna flashi, baada ya flashi kuna stendi, baada ya stendi kuna begi la kubebea vyote hivyo, na siku begi likipatikana kampuni inatoa kamera mpya. Wakati huo picha zenyewe ni zilezile: kipaimara cha mtoto wa jirani, sahani ya pilau, na mwenza wako akiwa ameshika glasi ya juisi Coco Beach.

Kwetu mwenye kamera ni mume wangu. Mimi ni mhariri, nalipwa kwa kuangalia picha za watu wengine na kusema ipi ikae ukurasa gani, kwa hiyo maneno ya kumwambia ninayo mengi. Upatu ulipofika zamu yetu tukawa na milioni moja na laki tano mezani. Yeye alikuwa na lenzi moja ndefu aliyoitazama kwenye simu mpaka nikaanza kuijua kwa jina. Mimi nilikuwa na sofa. Mjue kwamba hakuna aliyekuwa na makosa. Lakini kabla ya mtu kununa tulifanya zoezi dogo, na ndilo nataka kukupa leo, maana lilitufikisha mahali ambapo hatukupategemea.

JARIBIO LA PICHA KUMI

Chukueni karatasi. Mwenye kamera aandike picha kumi alizozikosa mwaka huu, zile ambazo mpaka leo zinamuuma. Mbele ya kila moja aandike sababu ya kuikosa. Wewe mwenza kaa kimya. Usimsaidie na usimcheke, mwache aandike mwenyewe.

Mume wangu alipomaliza, saba kati ya kumi zilikuwa na sababu moja: hakuwepo. Wavuvi wa Feri wakishusha samaki alfajiri, yeye kalala. Ngalawa za Bagamoyo zikirudi jioni, yeye yuko kwenye foleni Tegeta. Mbili alikuwepo, lakini kamera aliiacha kabatini akiogopa vibaka. Moja tu, ya mjomba wake akicheza usiku kwenye harusi, ndiyo iliyokosekana kwa sababu ya lenzi. Ukumbi ulikuwa na giza na mjomba alitoka kama moshi.

Unaona hapo? Ile lenzi ndefu haikuwa dawa ya hata picha moja kati ya zile kumi. Iliyohitajika kwa mjomba ni lenzi fupi inayoona gizani. Lenzi inayokuja na kamera nyingi za kuanzia, ile ya 18–55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake hufunguka hadi 5.6 tu. Lenzi ndogo ya milimita 50 hufunguka hadi 1.8. Namba ikishuka, tundu linapanuka, kwa hiyo hii ya pili inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya kwanza. Na kwenye orodha za kampuni kubwa ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa. Henri Cartier-Bresson, yule Mfaransa ambaye picha zake zinafundishwa vyuoni, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kamera ndogo ya Leica na lenzi ya milimita 50. Kama ilimtosha yeye, sisi wa Mbagala ni akina nani?

Basi tukaandika bahasha tatu. Robo ya pesa: lenzi ya 50, ya mtumba lakini safi. Nusu: safari, ili ile sababu ya "sikuwepo" ife. Robo ya mwisho nikaiandika mimi: kusafisha picha. Alicheka. Alisema siku hizi nani anasafisha picha? Nikamwambia weka tu, tutaona.

KWA NINI KILWA

Zanzibar tunaipenda, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini vichochoro vya Mji Mkongwe vimeshapigwa picha mpaka kuta zinajua kupozi. Tulitaka mahali ambapo unaweza kusimama mbele ya jengo la miaka mia saba, dakika ishirini nzima, bila kichwa cha mtu kuingia kwenye fremu.

Kutoka Dar hadi Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300. Mnapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, halafu mnavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Wakubwa zetu waliosafiri kusini kabla daraja hilo halijafunguliwa mwaka 2003 wana hadithi za kivuko ambazo zitawatosha hadi Nangurukuru. Hapo ndipo mnapoiacha barabara ya Lindi na kukata kushoto kuelekea baharini. Angalizo: usiende masika. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara hii maeneo ya Somanga na watu wakakwama. Juni mpaka Oktoba ni salama zaidi, ingawa upepo wa kusi unaweza kuichafua bahari katikati ya kipindi hicho.

Kilwa Masoko ndio mji wa leo, wenye ofisi, soko na nyumba za kulala wageni. Unachokiendea kiko ng'ambo: Kilwa Kisiwani, kilomita kama mbili za maji. Kibali cha kuingia magofuni unakipata hukuhuku Masoko kabla ya kupanda mashua, pamoja na mtu wa kuwaongoza. Usifanye ujanja wa kuvuka kienyeji, utarudishwa ufukweni kwa aibu mbele ya mwenza wako.

Tulipokuwa shuleni tulisoma Kilwa kwa kukariri, tukajibu mtihani na kusahau. Ukifika pale ndipo unaelewa kuwa huyu alikuwa bosi wa pwani nzima. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwake. Masultani wake walikuwa na sarafu zao wenyewe, na mwaka 1944 sarafu tano za shaba za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Wataalamu wanabishana hadi leo. Msafiri Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, akausifu mji. Mwaka 1505 Wareno wakaja na mizinga. UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ikayahamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuyatoa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati.

MWANGA HAUUZWI KARIAKOO

Hii ndiyo sehemu ambayo mwenye kamera anatakiwa asome mara mbili. Siku tatu Kilwa maana yake ni alfajiri mbili na magharibi mbili. Ukienda na kurudi mbiombio utafika magofuni saa sita mchana, na saa sita ya pwani yetu haina huruma. Mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua la Kilwa hupita utosini kabisa. Nyuso zinakuwa na mashimo meusi badala ya macho, na kuta za matumbawe zinageuka kuwa karatasi nyeupe. Hapo hata lenzi ya mamilioni haikusaidii kitu.

Asubuhi jua linachomoza takriban kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu, kutegemea mwezi. Na kwa kuwa hatuko mbali na ikweta, halipandi kwa kujivuta. Linapanda wimawima kama mtu anayewahi daladala. Ule mwanga wa rangi ya asali unaousikia kwenye mafunzo ya picha, Ulaya unaweza kukaa nao muda mrefu wakati wa kiangazi. Kwetu ni wa kuuwahi. Kwa hiyo panga na nahodha na mwongozaji jana yake, mkubaliane saa, uhakikishe kibali chako kinaruhusu kuvuka mapema. Kitakachokupa picha hapo ni saa ya kuamka.

Jengo la kwanza kukupokea ni Gereza, ngome iliyokaa karibu na maji kabisa. Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505, na hii unayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ya Waarabu wa Omani, ya miaka ya 1800 hivi. Ukikuta maji yamekupwa utavua viatu na kutembea, kwa hiyo kamera iwe kwenye mfuko wa plastiki. Asubuhi ukuta wa Gereza unashika rangi ya machungwa na mashua zinabaki vivuli mbele yake. Ni picha rahisi, utaipata hata kwa simu.

Picha ngumu iko Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ilianza kujengwa karne ya 11 au 12, na ile kubwa ya kusini, yenye nguzo na makuba, iliongezwa karne ya 14. Ndani kuna kiza cha baridi, nguzo nyuma ya nguzo, na pale ambapo paa limeanguka mwanga unashuka kama kitambaa. Sasa kuna kitu kimoja ambacho mwongozaji alitusimulia na mimi nikakihakikisha kwenye ramani. Kutoka Kilwa, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Maana yake ukisimama kuelekea mihrabu, jua linachomoza mkono wako wa kulia na kuzama mkono wako wa kushoto. Asubuhi nguzo zinawaka upande mmoja, jioni zinawaka upande wa pili. Msikiti uleule unakupa picha mbili tofauti kwa siku moja, kama umekaa vya kutosha kuziona.

Hapo ndipo lenzi ya 50 ilipolipa deni lake. Mume wangu alifungua tundu mpaka 1.8, akajibanza kwenye nguzo, akazuia pumzi. Mimi nilikaa kwenye jiwe nikamtazama. Nikwambie ukweli, ni muda mrefu sikuwa nimemuona mtu yule akiwa ametulia hivyo. Nyumbani kamera ni kitu kinachotutenganisha: yeye yupo nyuma yake, mimi nipo mbele yake nikingoja aseme tayari. Pale kulikuwa hakuna wa kumngoja. Baada ya saa nzima alikuja akakaa pembeni yangu, akanionyesha picha sita tu. Nilizoea mia mbili.

Jioni tukapanda hadi Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman juu ya mwamba unaotazama bahari. Ni mwendo kidogo kutoka kijijini, vaa viatu vya kueleweka. Kuna vyumba zaidi ya mia, na birika la kuogelea lenye pembe nane ambalo sasa lina nyasi badala ya maji. Kama mko wawili, hapa wekeni kamera chini kwa dakika kumi. Upepo unatoka baharini, mashua zinarudi, na mtu aliyejenga bwawa la kuogelea pwani ya Afrika Mashariki miaka mia saba iliyopita anakufanya ujiulize sofa lina haraka gani.

"NYUMBANI KWANGU SIMO"

Siku ya pili, nahodha wetu, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa akiitazama kamera muda wote wa kuvuka. Mwisho akauliza:

"Kijana wangu, hiyo inatoa picha?"

Mume wangu akaanza kumueleza habari za megapikseli. Mzee akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Nauliza inatoa picha ya kushika?"

"Hapana mzee, ya kushika mpaka niende kusafisha Dar."

"Basi sawa." Akageuza usukani kidogo. "Maana wageni wananipiga kila siku. Nipo Ulaya, nipo Marekani, nipo Uchina huko. Nyumbani kwangu simo."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini mle mashuani kukawa kimya, na mimi nikaikumbuka ile bahasha ya tatu.

Tulipofika tukamuomba atupeleke kwake. Hakutaka apigwe yeye. Alitaka apigwe mama yake, bibi mzee sana ambaye tulimkuta amekaa barazani akisuka ukili. Tukampa shikamoo, mzee akamweleza. Bibi akatuangalia, akanyanyuka bila kusema kitu, akaingia ndani. Tulidhani amekataa. Zikapita kama dakika kumi na tano. Akatoka na kanga nyingine, mpya, mikunjo ya kabatini bado inaonekana, akakaa mlangoni, akaweka mikono juu ya magoti na kuiangalia kamera moja kwa moja. Hakutabasamu. Mume wangu alipiga picha nne, akasema asante, bibi akarudi kwenye ukili wake.

Nimeshaangalia maelfu ya picha za watu wa pwani kwenye kazi yangu. Wengi wameibiwa: wapo pembeni, hawajui, wanacheka na mtu mwingine. Yule bibi aliamua mwenyewe tutakachoondoka nacho. Ndiyo tofauti ya kupiga picha ya mtu na kumpiga mtu picha, na tofauti hiyo haihitaji lenzi ndefu. Lenzi ndefu ingetufanya tubaki mbali, tumchukue bibi bila salamu.

Kisiwani wanaishi watu, usisahau hilo unapoona magofu. Ni kijiji chenye shule, visima, wivu na harusi kama kwenu. Vaa kwa heshima, ninyi dada zangu chukueni mtandio. Omba ruhusa. Usigawe pipi wala hela kwa watoto ili wapozi, unawafundisha kuomba. Ukiahidi kutuma picha, tuma.

KIVINJE, KABLA YA KURUDI

Siku ya kuondoka, baada ya alfajiri ya pili, tulipita Kilwa Kivinje, kaskazini mwa Masoko. Mji huu ulikua karne ya 19 kwa biashara ya pembe na watumwa waliotembezwa kutoka bara, kisha Wajerumani wakaufanya makao yao. Boma lao bado lipo ufukweni. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905 katika vilima vya Matumbi, upande wa bara wa Kilwa, na huku Kivinje ndiko baadhi ya wapiganaji walikonyongwa. Nyumba za zamani zinaanguka polepole, milango ya kuchonga imebaki bila vyumba nyuma yake. Kwa macho ya kamera ni pazuri mno. Lakini tembea kidogo kwanza, uliza, sikiliza, ndipo utoe kamera. Selfi ya vidole viwili mbele ya boma, hapana jamani.

KIPI UNUNUE, KIPI KISUBIRI

Turudi kwenye pesa, maana najua ndiyo iliyokuleta. Baada ya safari ile hii ndiyo orodha yetu.

Betri ya ziada na memori kadi mbili. Usiweke siku tatu nzima kwenye kadi moja. Na nunua kwa muuzaji unayemfahamu, feki ni nyingi.

Vita na ukungu. Sisi wa pwani adui yetu ni unyevu. Ukungu huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui na kula kioo taratibu. Mwaka 1931 huyohuyo Cartier-Bresson, akiwa kijana, alikwenda Côte d'Ivoire, na picha zake nyingi za huko ziliharibika kwa sababu unyevu uliingia kwenye kamera. Dawa yake ni rahisi: bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na ndani vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikishiba unyevu, badilisha. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda ufukweni, iache kamera kwenye begi kama nusu saa, la sivyo kioo kitatoa jasho.

Lenzi ya mtumba. Nenda na tochi. Mulika upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona nyuzinyuzi au madoa ndani, rudisha, hata kama bei ni ya kutupa. Zungusha pete zote, zisikwame wala kulegea.

Droni. Inavutia, najua. Lakini Tanzania huirushi kwa kuwa tu umeinunua. Inataka vibali vya mamlaka. Kama hujajipanga kwa mlolongo huo, isubiri.

Kamera mpya. Fanya tena jaribio la picha kumi. Kama sababu tano au zaidi zinasema kamera yako ndiyo iliyoshindwa, kanunue kwa amani na mwenza wako asiseme neno. Vifaa si dhambi. Kuna picha ambazo bila kifaa hazipatikani: ndege wa mbali, mpira wa usiku, mbung'o kwenye jani. Kama hizo ndizo unazozipenda kweli, ile lenzi ndefu ni yako halali.

NINYI WAWILI

Hobi ya mmoja inalishwa na mfuko wa wawili, hata kama kila mtu ana mshahara wake. Ndiyo maana bahasha zina faida kuliko hotuba. Kila bahasha ina jina, kila mmoja wenu ana angalau moja aliyoiandika, na hakuna anayechungulia ya mwenzake. Usimfanye mwenza kuwa mbeba stendi. Mpe kazi anayoiweza: kupanga saa za mwanga na maji kupwa, kuongea na wenyeji, kuchagua picha. Mimi kuchagua ndiyo kazi yangu, kwa hiyo niliporudi Dar nilikaa na zile picha za Kilwa nikabakisha kumi na mbili. Za msikiti zilikuwa nne. Ya bibi ilikuwa moja.

Hiyo tuliisafisha kubwa, ya kuweka kwenye fremu, nakala mbili, pamoja na moja ya nahodha kwenye mashua yake. Tukazifunga kati ya maboksi magumu, tukaandika namba ya simu juu, tukampa kondakta wa basi la Kilwa. Wiki ikapita, simu ikaita. Nahodha alisema zimefika salama, na kwamba mama yake ameiangalia picha muda mrefu halafu akauliza mbona hatukumwambia kuwa kanga imepinda begani. Tukacheka wote. Kisha akasema majirani wameiona na nao wanataka za kwao, kama haitakuwa taabu. Akatutajia majina kumi na moja. Wa mwisho alikuwa mtoto wa siku tisa.

Mwaka huu upatu umefika tena zamu yetu. Lenzi ndefu bado ipo sokoni, na sofa, nisiwafiche, sasa limetoboka. Yale majina kumi na moja yapo kwenye mlango wa friji, yamebanwa na sumaku ya LUKU. Juzi tumekaa na karatasi, tumeandika bahasha. Hii ya kusafisha picha safari hii ameiandika yeye mwenyewe, na ndiyo nene kuliko zote. Tunaondoka Juni, mvua zikiisha. Sofa limepewa Septemba.